Kaseti ya Pili Sijaiona, na Sitaiona

Harusi ya mama yangu iko kwenye kaseti mbili. Ya kwanza nimeiangalia mara kumi na moja. Ya pili sijaiona hata sekunde moja, na mimi ndiye niliyetoa pesa ili iokolewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mshaanza kuuliza.

Masika ya mwaka huu paa la chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Mtopanga, lilianza kuvuja. Tukatoa kila kitu nje: magodoro, masufuria makubwa ya shughuli, na lile sanduku la bati la mama ambalo tangu utotoni tumeambiwa tusiliguse. Chini kabisa, ndani ya leso kuukuu, palikuwa na mfuko wa nailoni, ile iliyopigwa marufuku 2017, na ndani ya mfuko kaseti mbili za VHS. Moja imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Arusi, Disemba 1996, wanaume." Nyengine: "Arusi, Disemba 1996, wanawake."

Sasa mnanijua. Mimi kazi yangu ni kontenti. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa mapenzi ya familia. Ilikuwa hesabu: hapa pana klipu kama thelathini. Nasema ukweli ili mjue nilipoanzia.

Kutafuta deki peke yake ni hadithi. Wiki mbili nilizunguka. Fundi mmoja wa tivii pale Kongowea alinicheka mpaka akaita wenzake waje wanione. Akaniambia deki ya mwisho iliyopita mikononi mwake aliifungua, akatoa waya wa shaba, akauza kwa kilo. Mwisho nikaipata kwa mjomba wa rafiki yangu, Bamburi. Alikuwa ameiweka chini ya tivii yake mpya kama stuli. Inafanya kazi! Akanipa na kitambaa cha kuipangusa na onyo kwamba niirudishe.

Usiku huo tukakaa sebuleni. Mama, dada yangu, mimi. Kioo kikawa bluu, kikapiga chenga, halafu Mtopanga ikatokea.

Sikuitambua. Nilijua tu kwa sababu mama alisema, "Hapo ndo kwa jirani, kabla hawajajenga." Barabara ya mchanga. Minazi. Paa za makuti. Wanaume wa kanzu wanakwenda msikitini kwa miguu, dufu mbele, watoto wanakimbia pembeni na viatu mkononi. Mpiga video anapitisha kamera polepole kama mtu anayepaka chokaa ukuta. Kila anapofika kwa mtu, yule mtu anasimama wima, anakaza uso, anangoja mlio wa picha. Hajui kwamba video haina mlio. Mzee mmoja alisimama hivyo kama dakika nzima, hakupepesa jicho. Tulicheka mpaka machozi.

Halafu akatokea babu.

Babu, babake mama, alifariki 1999. Mimi nimezaliwa 2001. Nyumbani tuna picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, uso umekakamaa. Kwenye kaseti anatembea. Anatoka mlangoni, anafunga kifungo cha kanzu, anavuka uwanja, na mguu wa kushoto anautupa nje kidogo kila hatua. Mama hakuangalia tivii. Aliniangalia mimi. Mimi natembea hivyo hivyo. Miaka yote nilidhani ni viatu.

Hapo ile hesabu ya klipu thelathini ikaanza kunitoka kichwani. Haikutoka yote, lakini ilianza.

Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua hiki kitu ni nini, na kwa nini kinanivuta hivi wakati mimi mwenyewe sikuwepo.

Nilichogundua kwanza: video ya nyumbani ina umri sawa na sinema yenyewe. Tarehe 28 Disemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa familia ya Lumière waliwaonesha watu filamu fupi kumi kwa kulipisha kiingilio. Mmojawapo ilikuwa Auguste Lumière na mkewe wanamlisha mtoto wao uji nje ya nyumba. Yani siku ile sinema inatambulishwa kwa ulimwengu, tayari kulikuwa na mtu anaonesha mwanawe akila. Kila mama anayeweka video ya mtoto kwenye status ni mrithi wa Auguste.

Mwaka 1923 Kodak walitoa kamera ya filamu ya milimita 16 kwa ajili ya watu wa kawaida. "Wa kawaida" hapo ni wa Marekani na Ulaya, tena wenye pesa. Mwaka 1932 ikaja ya milimita 8, na 1965 Super 8. Huku kwetu kamera hizi zilikuja kwa mizigo ya wakoloni na kwa wachache wenye mali. Na zile sinema za kikoloni hazikupotea. Pale Bristol, Uingereza, hifadhi ya kumbukumbu ya mji inatunza mkusanyiko mkubwa wa filamu zilizotoka kwenye jumba la makumbusho la himaya yao, zikiwemo za familia za wazungu walioishi Kenya. Zimeandikwa majina, zimepangwa, ziko ndani ya chumba chenye baridi ya kipimo.

Watu wetu wamo ndani ya sinema za namna hiyo pia. Lakini mara nyingi wako nyuma ya picha: mpishi, yaya, mpagazi, mtu wa kusukuma gari likikwama. Ni video za nyumbani, sawa, ila nyumbani kwa nani?

Kwa hivyo fikiria. Karamu ya mzungu aliyepita hapa miaka mitatu imehifadhiwa Bristol kwenye baridi. Harusi ya mama yangu, aliyezaliwa hapa na mamake akazaliwa hapa, ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya paa linalovuja.

Kabla ya video, sisi tulikuwa watu wa studio. Mombasa alikuwepo N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipiga picha watu wa mji huu kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980. Unguja ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa 1930. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor na Bakor Studio yake. Watu walivaa vizuri, wakaingia, wakasimama mbele ya pazia. Wanawake walivua buibui ndani ya studio, wakapigwa, wakavaa tena, wakatoka. Picha ilikuwa siri ya albamu.

Lakini picha ya studio ina tatizo lake. Lazima isafishwe gizani na mtu mwengine. Kila picha ya mwanamke ilipita mikononi mwa fundi, na mara nyingi fundi ni mwanamume. Unamwamini au humwamini, lakini ameiona kabla yako.

Sasa shikeni hapa, maana hapa ndo pananoga.

Mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ilitoa VHS. Mwaka mmoja nyuma Sony walikuwa wametoa Betamax. Miaka ya 1980 kamera na kinasa vikaunganishwa kikawa kitu kimoja cha kubeba begani. Na miaka hiyo hiyo vijana wa pwani walikuwa wanavuka kwenda kutafuta maisha Ghuba. Deki, tivii na kamera zikaanza kurudi nyumbani nao, ndani ya makatoni yaliyofungwa kamba. Ile kamera iliyopiga harusi ya mama ililetwa na ami yangu kutoka Muscat. Mtafiti Minou Fuglesang aliishi Lamu akaandika kitabu kuhusu wasichana wa huko na filamu za Kihindi walizokuwa wakiziangalia majumbani kwenye video. Kitabu kilitoka 1994, na hata jina lake kwa Kiingereza limeweka buibui na video pamoja. Muangalie mamako. Huenda alikuwa mmoja wa wasichana hao.

Video haina haja ya chumba cha giza. Unapiga usiku, asubuhi unachomeka kwenye deki, unaona. Hakuna fundi katikati. Kwa mara ya kwanza wanawake wa pwani wangeweza kurekodiwa usiku wa kupamba, ule usiku wa wanawake watupu, na mkanda usitoke nje ya nyumba hiyo. Akitafutwa mwanamke wa kushika kamera, basi mduara umefungwa. Imepigwa na wanawake, imeangaliwa na wanawake, imefichwa na wanawake.

Na sio picha tu. Filamu nyingi za nyumbani za zamani zilikuwa bubu. Video ilikuja na sauti. Sisi tayari tulikuwa watu wa kaseti za sauti. Duka la Mbwana Radio Service hapa Mombasa lilijulikana pwani nzima kwa kurekodi na kuuza kaseti za taarabu. Lakini kaseti ya taarabu inabeba sauti ya mwimbaji. Video ya harusi inabeba sauti ya khalati yako anayeuliza nani kaondoka na sinia la biriani.

Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, ameandika kitabu kilichotoka 2013 kuhusu picha katika pwani yetu, na mvutano mmoja anaouzungumzia ni huo huo: watu wanataka kuonekana, na papo hapo wanataka kuchagua nani awaone. Nilipousoma nikasema, sasa huyu anaeleza Instagram au anaeleza harusi za Mombasa? Kumbe ni mambo ya zamani. Mama zetu walikuwa na "marafiki wa karibu tu" kabla ya simu kuwa na kitufe hicho.

Sasa turudi kwa hisia. Kwa nini mimi, mtu wa 2001, ninaumwa na 1996?

Neno la Kiingereza la hamu ya zamani lilibuniwa na daktari mwanafunzi, Johannes Hofer, huko Basel, Uswisi, mwaka 1688. Kwake lilikuwa jina la ugonjwa. Waliougua walikuwa watu walio mbali na kwao, wakiwemo askari wa Uswisi waliotumikia nchi za watu. Wanakumbuka nyumbani, hawali, hawalali. Maana yake mwanzo hamu hii ilikuwa ya mahali, ikaja kuwa ya wakati baadaye. Sisi Waswahili tuna neno zuri zaidi: zilipendwa. Nyimbo za zilipendwa. Lisikilize vizuri neno lenyewe, halisemi zilikuwa nzuri. Linasema kulikuwa na watu, na hao watu walizipenda. Hamu yetu ni ya hao watu.

Nadhani ndo maana filta za VHS kwenye simu hazinitoshi. Nimezitumia, msinicheke. Unapata zile chenga, ile tarehe ya kona, zile rangi zilizochujuka. Unapata kila kitu isipokuwa babu. Kinachotuvuta kwenye kaseti ni kwamba mle ndani hakuna mtu anayejua kuigiza. Sisi tukiona kamera tunajua upande wetu mzuri tangu darasa la nne. Wao walisimama tu. Na mpiga video hakukata. Kaseti ya E-180 ni saa tatu, na tepu yake imeshalipiwa, kwa hivyo anaacha inakwenda. Dakika nne za watu wakila. Dakika mbili za ukuta, kwa sababu alisahau kuzima. Hayo yote ningeyakata mimi. Na humo humo ndimo nilimomuona babu akifunga kifungo.

Lakini lazima nijikemee kidogo, maana hamu ya zamani ni tapeli pia. Wazee wana methali, msinilaumu si yangu: mavi ya kale hayanuki. Kaseti ndo hivyo. Inaonesha biriani, haioneshi deni la mchele. Nilimuuliza mama, "Siku hiyo ulikuwa na furaha?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikuwa na njaa. Na nilikuwa naogopa." Miezi minane baada ya siku ile, Agosti 1997, ghasia zilizuka Likoni, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Mwisho wa mwaka huo huo ikaja mvua ya El Niño. Hao wanaume waliosimama wima mbele ya kamera hawajui lolote kati ya hayo. Hatuna kaseti ya Agosti 1997. Hakuna anayetoa kamera kabatini siku mbaya. Kwa hivyo ukiangalia kaseti za kwenu ukadhani zamani kulikuwa raha tupu, kumbuka nani aliwasha kamera na lini.

Haya. Sasa nieleze kosa langu.

Baada ya wiki moja nilishindwa kujizuia. Nilichukua simu, nikarekodi kioo cha tivii, nikatoa klipu ya sekunde 20 kutoka kaseti ya kwanza. Ya wanaume, nikajiambia, haina neno. Wanaume wanapita na dufu, Mtopanga ya minazi, nikaweka maandishi juu. Wengi wenu mliiona. Ilikwenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Siku ya pili binti mmoja akaniandikia pembeni. Alisema yule mtu wa sekunde ya 14, mwenye kofia nyeupe anayecheka, ni babake. Alifariki yeye akiwa na miezi kumi. Hajawahi kumuona akitikisika. Akaniomba kama nina zaidi. Nililia, na sioni haya kusema.

Siku ya tatu akaja mama mmoja wa mtaani. Hakunijia mimi. Alikuja kwa mama, wakakaa barazani, wakaongea polepole. Kumbe nyuma ya wale wanaume, dirisha liko wazi, na ndani ya dirisha, kama sekunde mbili, kuna msichana anaosha mchele, kichwa wazi, mikono wazi. Ni yeye. Leo ni mtu mzima, ana wajukuu, na mjukuu ndiye aliyemuonesha: "Bibi, si wewe huyu?" Miaka karibu thelathini amejisitiri, halafu mtoto wa jirani anamuweka mbele ya maelfu ya watu kwa sababu ya minazi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Niliifuta siku ile ile. Naomba na nyinyi mlioihifadhi muifute. Yule binti nimemtumia kipande cha babake peke yake, nimekikata pembeni mpaka dirisha likatoka. Klipu moja, sekunde 20, imempa mtu baba na imemvua mtu nguo. Sijui ni kipimo gani cha laiki kinachoweza kupima hayo mawili kwa pamoja.

Tukafika kaseti ya pili.

Nilimwambia mama, "Basi hii tuihifadhi tu, sitaiposti." Akasema hilo halimtoshi. "Wewe hutaiangalia."

"Kwani si harusi yako? Si nyanya yumo humo? Ni nyanyangu."

Akanijibu jibu ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo: "Nyanyako ni wako. Lakini wale wengine hamsini walivua mabuibui yao kwa sababu waliniamini mimi. Wewe hawakukuamini. Wewe hata hukuwa umezaliwa."

Sasa tatizo. Kaseti haingoji. Tepu ya VHS ni ukanda wa plastiki wa upana wa milimita 12.7 uliopakwa chembe za madini ya sumaku, na chembe hizo zimeshikiliwa na gundi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Unyevu unalainisha gundi, na ukungu mweupe unaota pembeni mwa mkanda. Mashine nazo zinaisha. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki mpya za VHS, iliacha Julai 2016. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video, IASA, walitoa tahadhari kwamba ikifika karibu mwaka 2025 kuchezesha tepu za sumaku kutaanza kuwa kazi ngumu sana. Hiyo 2025 si ya mbali tena. Kaseti ya wanawake nilipoishika mwangani niliona doa jeupe kwenye kidirisha chake.

Na hapa ndo lile tatizo la chumba cha giza limerudi. Ukitaka kugeuza kaseti iwe faili, wengi wanapeleka kwa mtu. Huyo mtu ni mwanamume, ana kompyuta, na ili kuigeuza lazima aichezeshe yote, saa tatu kwa saa tatu. Halafu nakala inabaki kwenye mashine yake. Video ilimtoa fundi katikati, dijitali imemrudisha. Sishangai kwamba kwenye kupamba siku hizi simu zinaachwa mlangoni. Na sishangai nikisikia kina mama wanaochoma kaseti zao za zamani wenyewe, ama wanaukata mkanda kwa makasi. Kabla sijajua haya ningesema ni ujinga. Sasa naona ni mtu anafunga mlango kwa komeo la mwisho alilobaki nalo.

Lakini na nyanya alikuwemo humo. Alifariki 2009, kabla ya sisi kuwa na simu za kurekodi. Sauti yake haiko popote duniani isipokuwa ndani ya lile doa jeupe.

Suluhisho lilitoka kwa dada yangu, ana miaka 20, hana hamu na kontenti zangu. "Nifundishe mimi," alisema.

Nikanunua kile kifaa kidogo cha kuunganisha deki na kompyuta. Nikamuonesha: waya wa njano ni picha, mwekundu na mweupe ni sauti. Tulifanya mazoezi na kaseti ya wanaume. Tukajifunza kutochezesha kaseti yenye ukungu kabla haijasafishwa, maana inachafua kichwa cha deki na kuambukiza kaseti nyengine. Akaifungua ile ya pili kwa bisibisi, akaupangusa mkanda polepole kwa kitambaa kikavu mlangoni, mdomo ameufunga kwa leso kwa sababu ya vumbi la ukungu. Intaneti ya kompyuta tukaizima. Halafu akaingia chumbani na mama na khalati zangu wawili, wakafunga mlango.

Mimi nikabaki kibarazani.

Saa mbili na nusu. Sikuona kitu, lakini milango yetu si minene. Nilisikia ngoma ya chakacha. Nilisikia vigelegele vya 1996, na juu yake vigelegele vya khalati zangu sasa hivi, vinajibu. Nilisikia wakitaja majina, "Huyu naye Mungu amrehemu," halafu kicheko, halafu "Na huyu pia." Halafu kimya cha kwenye mkanda, na sauti ya mwanamke, kali, ya karibu na kamera: "Inamisha macho we mtoto, watacheka watu!"

Mle ndani mama alipiga ukelele kama msichana.

Nilikuwa na miaka minane alipofariki. Nilidhani nimeisahau ile sauti. Nilisimama, wallahi, kama nimeitwa.

Baadaye dada yangu alimuomba mama ruhusa. Akakata picha yote, akaacha sauti, sekunde tisa. Mama akasema hiyo ni halali yako, chukua. Ninayo. Haitapanda hapa, msiniombe. Faili yenyewe iko kwenye flashi mbili, moja kwa mama, moja kwa khalati yangu mkubwa Mshomoroni, na hakuna iliyo kwenye simu. Kaseti zenyewe zimerudi sandukuni, lakini si kwenye nailoni tena, na sanduku si chini ya lile paa.

Mwaka 1963 mfanyabiashara wa nguo wa Dallas, Abraham Zapruder, alitoka na kamera yake ya nyumbani kumpiga Rais Kennedy akipita, akarekodi kifo chake. Ni sekunde kama 26. Mwaka 1999 familia yake ililipwa dola milioni 16 na serikali ya Marekani kwa filamu hiyo. Sisemi kaseti za Mtopanga zina bei hiyo. Nasema historia ya mtaa wetu haijaandikwa vya kutosha. Minazi ilikuwa wapi, nani alikaa wapi, tulivaa nini, tulicheka vipi. Sehemu kubwa imo ndani ya masanduku ya mama zetu, na inaoza. Wanaoweza kuiokoa ni sisi, kwa sababu sisi ndo tunajua waya upi ni wa njano. Lakini mwenye uamuzi si sisi.

Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, usiulize "ziko wapi kaseti, nataka kuposti." Uliza, "Mama, kuna kaseti? Wataka nani azione?" Akikwambia si wewe, msaidie hivyo hivyo. Mtafutie deki, mtafutie dada, mtafutie waya. Wewe kaa kibarazani usikilize.

Na mjomba wa Bamburi, deki yako nitairudisha Jumamosi. Kuna jirani ameniomba wiki moja zaidi. Ni yule mama wa dirishani. Kumbe na yeye ana kaseti.